Kusoma kwa Kushindana

Watu huuliza kama yafaa kufanya mashindano katika jambo la kusoma. Wako wasemao kwamba kitabu si mpira, wala msomaji hana goli la kufunga. Na wako wasemao kwamba pasipo kushindana watu wa siku hizi hawasomi kabisa, maana jioni zao zimekwisha kuliwa na simu. Sisi tulikuwa upande wa hawa wa pili, wala mpaka leo hatujautoka. Lakini mwaka jana, hapa Gulwe, lilitupata jambo lililotufanya tuulize swali jingine, nalo twaliona kubwa kuliko lile la kwanza: watu wakipatana kusoma pamoja, aliye mzito kati yao ana haki gani juu ya wenziwe?

Kwa wasioijua Gulwe, ni stesheni ya Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa, nchi ya Wagogo, kando ya mto Kinyasungwe. Mto huu wakati wa kiangazi ni mchanga mwingi na maji machache, na wakati wa mvua hula reli. Mwaka 2010 mafuriko yaliharibu njia baina ya Kilosa na Gulwe, hata watu wa huku wakakaa muda mrefu bila kusikia mlio wa gari la moshi kutoka pwani. Twayataja haya kwa sababu mzee tutakayemsema alikuwa mtu wa reli.

Tulikuwa watu kumi na mmoja wapendao vitabu: walimu, mwuguzi, mwenye duka, na wengineo. Tukapatana kugawanyika pande mbili, mmoja tukauita Mtama na wa pili Uwele, kwa kuwa ndiyo nafaka ya nchi hii. Tangu Januari hata mavuno kila mtu asome kitabu akipendacho, aandike katika daftari la upande wake jina la kitabu na hesabu ya kurasa. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukutane darasani, kila mtu aeleze alichokisoma. Upande utakaoshindwa utanunua mbuzi.

Sisi tulikuwa wa Uwele, na daftari tulilishika sisi. Mtama walikuwa sita, nasi watano. Basi tukaenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika gengi la reli, tukamwambia, "Babu, twakuomba usome pamoja nasi." Akacheka, akasema macho yake yamechoka, na kusoma kwenyewe alijifunza ukubwani. Tukamsihi, tukamwambia kwamba hesabu si kitu, la muhimu ni kuwa pamoja. Akakubali.

Habari za kujifunza kwake tulizisikia katika mkutano wa kwanza, na zapasa kuandikwa. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili katika Tanzania walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, na mmoja wao ajuaye kusoma aliwasomea wenziwe kijitabu kwa sauti, kisha wakazungumza juu ya choo na mbu na maji. Yeye alikuwa mmoja wa wasikilizaji. Alisema kwamba aliona uchungu kumwona kijana mdogo kuliko yeye akiyatoa maneno katika karatasi kama mtu atoaye maji kisimani, naye amekaa na kiu yake. Akaingia darasa la watu wazima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila 100. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ikasemwa kwamba wamebaki 39. Katika tofauti ya hesabu hizo mbili yumo mzee wetu. Lakini wengi waliofaulu mtihani ule hawakupata vitabu vya kuendelea navyo, na yeye kadhalika; kwa miaka mingi alisoma mabango ya stesheni na Biblia, basi.

Siku ile ile alituhadithia kazi ya gengi. Reli, alisema, ni chuma kirefu ambacho mtu mmoja hawezi hata kukitikisa. Watu hujipanga, mmoja huita kwa wimbo, na wote huinua kwa neno moja. Mwenye nguvu nyingi akiinua kabla ya neno, hamsaidii mtu. Uzito wote humwangukia jirani yake, na vidole hukatika. Tulicheka tukipiga makofi, kwa maana aliimba na ule wimbo. Hatukufikiri kwamba alitufundisha kitu.

Mashindano yalianza vizuri sana. Mwenye duka alisoma nyuma ya meza yake hata akakosea kurudisha chenji. Watoto wa shule walituona walimu wao na vitabu mkononi wakati usio wa kazi, wakaanza kuuliza kilichomo. Bibi mwalimu mmoja wa upande wa Mtama, ambaye bado ni kijana, alisoma kurasa zaidi ya 900 katika mwezi mmoja. Nasi tulipomwuliza juu ya vitabu vyake alijibu kila swali. Twalisema hili kwa kuwa watu hupenda kudhani kwamba asomaye upesi hasomi vema, na kwamba mzito ndiye mwenye hekima. Si kweli. Uzito wa kusoma ni uzito tu.

Udanganyifu nao ulikuwako. Mtu mmoja aliandika kurasa 210 za kitabu, na alipoulizwa mwisho wake ulikuwaje akajibu, "Ulikwisha vizuri." Wengine walianza kuchagua vitabu vya watoto vyenye herufi kubwa na picha nyingi. Tuliyacheka mambo haya na kuyasamehe, na hatudhani kwamba yalimdhuru mtu ila wenyewe walioyatenda.

Mzee alichagua kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Alisoma kwa sauti, maana hajui kusoma kimya, akifuata mstari kwa kidole. Mwezi wa kwanza alisoma kurasa 14. Mwezi wa pili, 9, kwa kuwa ulikuwa wakati wa palizi. Na kila mkutano alitaka kueleza yote, kwa sababu njia ya misafara ya zamani ilipita Mpwapwa na babu yake alimsimulia habari za misafara hiyo. Hata mkutano ukawa mrefu na taa ikaisha mafuta.

Mwezi wa Aprili Mtama walikuwa wametupita mbali. Siku ya mkutano tulifika mapema, tukajumlisha daftari, tukaona aibu inakuja. Ndipo sisi wenyewe, tulioshika kalamu, tukasema, "Kama mahali pa Mzee tungemweka mtu mwingine yeyote, huyu mbuzi wangenunua wao." Mwenye duka akatoa shauri kwamba Mzee asihesabiwe, asome kwa kujifurahisha tu, na kijana fulani aingizwe mahali pake. Tulipoinua macho, Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akatusalimu, "Mbukwenyi," akaketi mahali pake. Jioni ile hakueleza chochote. Alisema hana habari mpya. Mwezi wa Mei hakuja. Alimtuma mjukuu wake kusema mguu unamwuma.

Tangu siku ile tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na kwanza tulijitetea. Shauri la mwenye duka halikuwa la ukatili. Zamani katika Buganda, miaka ya 1890, watu waliokuja kwa wamisionari waliitwa wasomaji, na hata leo katika Kiganda neno lile lile lenye maana ya kusoma kitabu lina maana ya kusali pia. Kanisa la CMS huko lilitaka mtu aweze kusoma Injili kabla ya kubatizwa, lakini wazee na vipofu walisamehewa sharti hilo. Huo ulikuwa wema. Basi, sisi nasi, kwa nini tusimsamehe Mzee hesabu? Jibu tuliloliona ni hili: wale waliosamehewa walisamehewa ili waingie. Sisi tulitaka kumsamehe Mzee ili atoke.

Kisha tukakumbuka hitima. Ndugu zetu Waislamu huigawana Kurani yenye juzuu 30, kila mtu akashika yake, wakasoma wote kwa wakati mmoja. Na kitabu ambacho mtu peke yake angekisoma kwa siku nyingi hukhitimiwa katika kikao kimoja. Hatujui kusoma kwa pamoja kulikokamilika kuliko huko. Tazama jinsi hesabu yao ilivyo. Aliye mwepesi akimaliza juzuu yake hawezi kuondoka akisema hitima imekwisha; ikiwa iko juzuu iliyobaki huichukua, na ikiwa haiko hungoja. Kazi yote huisha pale amalizapo wa mwisho. Kwetu sisi kurasa zilijumlishwa, na katika jumla mzito haonekani, ila kama pengo. Katika hitima kila juzuu ni sharti itimie, na aliyebaki nyuma ndiye anayengojwa na wote.

Tulimweleza yule bibi mwalimu wa Mtama mawazo haya, tukidhani atafurahi. Hakufurahi. Alisema, "Hitima ina mwisho unaojulikana, vitabu havina. Mkinifunga kwa mguu wa Mzee sitasoma vitabu vinne kwa mwaka, na watakaopata hasara ni watoto ninaowafundisha. Mimi nimemkosea nini nikisoma?" Alisema kweli, wala hatukuwa na la kumjibu. Hata mfano wa gengi haumfungi yeye. Reli huinuliwa na wote, lakini ukurasa husomwa na macho ya mtu mmoja. Naye akisoma kurasa 900, uzito wa kurasa 9 za Mzee hauongezeki hata kidogo. Mwepesi na akimbie. Hatuoni sheria ya kumzuia, na mwalimu amzuiaye mtoto mwepesi ili asimwaibishe mzito atawaharibu wote wawili.

Basi kosa lilikuwa wapi? Twaona halikuwa katika mbio za huyu wala katika uzito wa yule. Mzee hakuja kwetu kuomba nafasi. Sisi tulikwenda nyumbani kwake, kwa sababu tulipungukiwa na mtu mmoja ili tuwe sita. Tulimwambia kwamba hesabu si kitu, na tulipokuwa tukisema hivyo hesabu ndiyo iliyokuwa imetupeleka. Tulimwita kwa ajili ya hesabu, kisha tukamchoka kwa ajili ya hesabu. Mtu aliyealikwa karamuni hapimwi wingi wa alichokula. Na ikiwa mwenyeji alimwalika ili kujaza mkeka, deni la mwenyeji ni kubwa zaidi. Asiyealikwa hatudai kitu. Tuliyemwita amekwisha kupewa neno letu, nasi hatuwezi kulirudisha kwa kuwa limetugharimu mbuzi.

Tena liko jambo tulilolisahau, nalo ndilo linalotuumiza zaidi. Mtu aliyejifunza kusoma kwa sababu aliona uchungu kukaa akisikiliza, tulitaka kumrudisha akae asikilize.

Mwezi wa Juni daftari zilifungwa. Mtama walishinda kwa kurasa nyingi sana, nyingi kuliko ambazo mtu yeyote mahali pa Mzee angaliweza kuzifidia. Tulipoifanya hesabu hiyo tuliona haya mara ya pili. Mbuzi alinunuliwa akaliwa. Siku ya tatu yake tulikwenda kwa Mzee, tukamchukulia fungu lake la nyama. Yule bibi mwalimu alifuatana nasi, ingawa yeye ni wa Mtama.

Tulimkuta ameketi chini ya mkwaju akipukuchua karanga. Tukamwamkia. Tukamwambia kwamba maneno aliyoyasikia mlangoni yalikuwa yetu, na kwamba yalikuwa mabaya. Alinyamaza kitambo, akasema, "Wanangu, nimefanya kazi na watu miaka mingi. Hata kwenye gengi mtu alisemwa." Kisha akauliza kama mbuzi alikuwa mnono. Tukamwambia alikuwa mnono kiasi. Akasema yafaa, kwa kuwa angalikonda tungalipata hasara mbili.

Alimtuma mjukuu ndani, akarudi na kitabu. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa, na mahali alipofika palikuwa na kijiti. Alimgeukia yule bibi mwalimu, akasema, "Wewe una macho mazuri. Kuna neno hapa limenishinda tangu mwezi wa Aprili." Bibi mwalimu akaketi karibu naye juu ya gunia la karanga, akalitazama lile neno, akalisoma. Mzee akalisema baada yake mara mbili, akaanza ule mstari upya, kwa sauti, kidole kikifuata. Na kila alipokwama bibi mwalimu alingoja kwanza, ndipo akamsaidia. Sisi wengine tulichukua karanga tukapukuchua.

Daftari hatukwenda nalo. Lakini mazoea ni mabaya, tukahesabu kimoyomoyo: tulipofika alikuwa ukurasa wa 37, na jua lilipokuchwa alikuwa wa 41.