Nyuzi Saba

Mwaka jana mteja mmoja wa Nairobi alinipa kazi ya kuchonga litungu kwenye kompyuta. Alitaka kuichapisha kwa printa ya 3D, vijilitungu vidogo vya kuweka mezani. Malipo kwa M-Pesa. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Nilitumia Blender, kwa sababu ni ya bure na mimi mfuko wangu ninaujua. Nilichonga vipande 13: sanduku la sauti, ngozi ya kulifunika, mikono miwili, mti wa juu, daraja dogo, na nyuzi saba. Kila kipande nilikitengeneza peke yake, nikakisogeza mpaka kikakaa mahali pake. Kwa macho, litungu ilikuwa imekamilika. Lakini printa haidanganywi na macho. Inataka umbo moja lililofungika kila upande, kama sufuria isiyovuja.

Sasa, kuna njia mbili za kuunganisha vitu pale. Ya kwanza ni rahisi ajabu. Unachagua vyote, unabonyeza Ctrl na J. Vipande 13 vinabaki jina moja kwenye orodha. Ukisogeza, vyote vinasogea. Unadhani umemaliza. Lakini chungulia ndani: mkono umezama kwenye sanduku, kuta za sanduku bado zimekatiza ndani ya mkono, hakuna kilichoshikana na kingine. Amri moja tu ya kutenganisha, na kila kipande kinarudi kilivyokuwa. Ni kama mkutano wa amani wa wanasiasa: mmepigwa picha pamoja, basi.

Njia ya pili inaanzia hapo ya kwanza inapoishia. Programu inalijaza umbo lote vijisanduku vidogo vinavyolingana, vinaitwa vokseli, kisha inasuka ngozi mpya juu yake. Mishono inapotea. Kuta za ndani zinapotea. Kweli kabisa, vitu 13 vinakuwa kitu kimoja. Nikabonyeza, nikaona kazi ni safi, nikabeba laptopu nikaenda kumwonyesha Kuka, babu yangu, chini ya mwembe wake.

Akaangalia muda mrefu. "Hii ni nini?"

"Si litungu, Kuka."

"Nyuzi ziko wapi?"

Nikaangalia tena. Kweli, hazikuwepo. Mikono ipo, sanduku lipo, mti wa juu upo. Nyuzi zote saba zimeenda.

Programu haikuwa na makosa. Vokseli nilizochagua zilikuwa nene kuliko uzi, na kitu chembamba kuliko kijisanduku hakina pa kusimama. Hakuna aliyezifuta kwa chuki. Zilipita katikati ya kipimo, na kipimo nilikuwa nimekiweka mimi, haraka haraka, nikitazama sanduku.

Tangu siku hiyo siwezi kusikia neno umoja bila kuuliza: vokseli ni kubwa kiasi gani, na nani kaichagua?

Chukua sisi wenyewe. Huku Kimilili mtu akikuuliza kabila, unasema Mbukusu. Ukifika Nairobi unakuwa Mluhya, hata kama jirani yako Mmaragoli akiongea haraka huambulii kitu. Jina hilo la Waluhya limeenea miaka ya 1930 na 1940, na wazee waliolisukuma walikuwa na sababu nzuri: vikundi vingi vidogo, kila kimoja peke yake, havikuwa na sauti mbele ya serikali ya kikoloni. Hiyo ilikuwa Ctrl na J, na ilisaidia. Kisha miaka hiyo ya 1940 kamati ya lugha, ikiwa na wamisionari ndani yake, ikajaribu hatua ya pili: Kiluhya kimoja cha kuandikwa. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu watu ni babandu. Kwa Wamaragoli ni avandu. Utaandika lipi? Wamaragoli walikuwa tayari na maandishi yao ya dini. Wabukusu wengi hawakujisikia ndani ya lugha ile mpya. Shuleni tulifundishwa kuona mambo kama haya kuwa ukaidi wa kikabila. Mimi sasa ninaona watu waliouliza swali la Kuka.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Najua pia kutokuungana kunaua. Nilikuwa mtoto baada ya uchaguzi wa 2007, na sina hamu ya kuishi kwenye nchi ya vipande vilivyoegemeana tu. Kwenye sensa ya 2009, zaidi ya watu 600,000 waliulizwa kabila wakajibu: Mkenya. Ninawaheshimu. Hata haya ninayaandika kwa Kiswahili, si kwa Lubukusu, kwa sababu nataka msomaji wa Kisumu na wa Voi anielewe. Na kuna maneno ya Kuka ambayo nimeshindwa kuyaleta hapa. Yamepita katikati.

Basi si punguza tu vokseli? Nilijaribu. Ukipunguza ukubwa wake kwa nusu, nyuso za umbo zinakaribia kuongezeka mara nne. Laptopu yangu iliunguruma, ikaganda, nikaizima kwa nguvu. Kuwahifadhi wembamba kuna bei, na anayeimba umoja mara nyingi hataki kuambiwa bei. Nikajaribu kunenepesha nyuzi. Hapo zilibaki, lakini zilikuwa kama kamba za kufungia ng'ombe. Hiyo nayo tunaijua: kikundi kidogo kinachojikuza, kinapaza sauti na kujipaka rangi nzito, ili tu kipimo kikione. Kinaonekana, lakini si chenyewe tena.

Nilirudi kwa Kuka, safari hii bila laptopu. Nikaishika litungu yake. Uzi pale haujayeyuka ndani ya mti. Umefungwa huku na huku, umevutwa, na katikati uko huru. Kila kabla ya wimbo anauvuta tena, kwa sababu hulegea. Ukiugundisha wote kwenye mbao hautalia. Ukiufungua kabisa hautalia pia.

Nikamtumia mteja pendekezo: mwili wa litungu uchapishwe kama kitu kimoja, wenye vitundu saba juu na saba chini. Nyuzi tutafunga kwa mkono, kwa mshipi wa kuvulia samaki.

Akajibu baada ya siku mbili. Wazo ni zuri, akasema, lakini nani atakaa afunge nyuzi saba kwa kila moja?

Nimemwandikia kwamba nitafunga mimi. Bado tunabishana kuhusu malipo.