Haki ya Aliyetangulia

Theluji ni ghala ya maji isiyojengwa kwa mkono wa mtu. Katika milima ya Sierra Nevada, jimboni California, Marekani, huanguka wakati wa baridi, hulala vileleni miezi kadhaa, kisha huyeyuka polepole wakati mvua zimekwisha na mabonde yana kiu. Kadiri ya sehemu 30 katika kila 100 za maji ya jimbo hutokana nayo. Theluji ikikosekana, ghala huwa tupu kabla ya siku ya kufunguliwa, na swali ambalo watu huliahirisha wakati wa neema huja bila kuitwa: maji haya ni ya nani?

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 1 Aprili 2015. Gavana Jerry Brown alisimama mahali pa kupimia theluji paitwapo Phillips, akakanyaga nyasi kavu. Theluji ya milima yote ilikuwa sehemu 5 tu katika 100 za wastani wake. Siku ile aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa robo. Mashamba, ambayo hunywa kadiri ya sehemu 80 katika 100 za maji yatumiwayo na watu, hayakuwamo katika amri hiyo. Hukumu yao ilikuwa katika kanuni ya kale.

Kanuni hiyo ilitokana na wachimba dhahabu wa karne ya 19: aliyetangulia kuyageuza maji kwa kazi yake hutangulia kuyapata, aliyefuata hungoja mabaki. Mwaka 2015 halmashauri ya maji ya jimbo iliwazuia wa nyuma, ikapanda mpaka Juni ikagusa haki za mwaka 1903. Kanuni hii haikosi hekima. Mtu apandaye mlozi hungoja miaka kabla ya kuchuma, naye hawezi kupanda ikiwa kila ukame utaleta mgawanyo mpya. Lakini kutangulia ni habari ya kalenda tu. Si wema, wala si juhudi. Tena kalenda yenyewe ilianza kuhesabiwa na nani? Katika bonde la Owens, mashariki ya milima hiyo, Wapaiute walichimba mifereji ya kumwagilia kutoka vijito vya theluji kabla mzungu hajafika. Kama kutangulia ndiko haki, wao ndio wangalikuwa mbele ya wote; lakini daftari lilifunguliwa na waliokuja baada yao.

Wako pia wasiokuwa na nafasi yoyote katika foleni. Maji ya mito yalipopungua, wakulima wakubwa walichimba visima virefu zaidi, na visima vifupi vya jirani vikakauka. Huko East Porterville, kijiji chenye vibarua wengi wa mashamba, mamia ya nyumba zilikosa maji mwaka 2014. Hapo hata kutangulia hakukuwa hoja. Iliyoamua ni urefu wa keekee. Nayo sheria ya jimbo ilikwisha kutamka, tangu mwaka 2012, kwamba kila mtu ana haki ya maji safi ya kunywa, kupikia na kuogea!

Mabomba ya mji jirani yaliwafikia baadaye. Sheria nyingine, ya mwaka 2014, iliagiza kwamba mabonde yaliyokamuliwa kupita kiasi chini ya ardhi yarudishwe katika mizani, yakapewa muhula mpaka mwaka 2040. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye kisima kikavu mwaka ule atakuwa na umri wa miaka 26.