Mkono wa Pili

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri simu inalia chini ya mto, naizima haraka kabla mdogo hajashtuka. Jikoni taa imeshawaka. Uji wa ulezi uko mezani, umefunikwa. Maji ya kuoga yamechemka. Sare ya mkubwa imetundikwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba dada. Umeamkaje?"

"Salama."

Kwa zaidi ya miaka miwili tulisalimiana hivyo kila siku ya kazi, na sikuwahi kujiuliza yeye huamka saa ngapi.

Ninaishi Gongo la Mboto na ofisi yangu iko Posta. Saa kumi na moja na nusu niwe nimeshafika kituoni, kwa sababu nikichelewa robo saa, foleni ya Barabara ya Nyerere itanidai saa nzima. Mara nyingi daladala inakuwa imejaa. Nasimama, mkoba wenye pampu ya maziwa nimeukumbatia kifuani, maana mdogo bado ananyonya. Ukonga, Kipawa, Tazara. Tukiwa juu ya Daraja la Mfugale kunaanza kupambazuka, na najua kwamba muda huo huo dada amemshika mkubwa mkono wanangoja basi la shule, mdogo akiwa mgongoni.

Mimi ni mhasibu. Saa nne asubuhi na saa nane mchana najifungia katika chumba cha mafaili nikamue maziwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi, na sasa inanipa muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Ila kutoka Posta hadi nyumbani na kurudi, saa hizo zingeishia njiani, kwa hiyo nakamua. Sheria hiyo naijua vizuri, kwa upande unaonihusu.

Narudi saa moja na nusu usiku. Mdogo ananing'ang'ania hadi usingizi umchukue. Mkubwa ananionyesha daftari huku anasinzia. Ukitoa usingizi, wanangu nawaona kama saa moja na nusu kwa siku. Sisi wenye watoto wadogo pale ofisini tukikutana wakati wa chakula cha mchana, mazungumzo ni hayo hayo: je, mimi ni mama mzuri? Nimelia kwa swali hilo, nikaliombea, nikalijadili na mume wangu mpaka akachoka. Niliamini kwamba hilo ndilo swali la kimaadili la maisha yangu, na kwamba nalibeba kwa uaminifu. Swali jingine lilikuwa jikoni kwangu, linapepeta mchele.

Dada ana miaka 24. Kwao ni Singida, na huko amemwacha mtoto kwa mama yake. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, kama unavyojua kwamba mtu fulani ana kaka Mwanza. Desemba iliyopita, nikiwa nakunja nguo, alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, nilikuwa naomba ruhusa wiki shule zikifunguliwa. Mwanangu anaanza la kwanza."

"Wiki hiyo ni mbaya, dada. Tunafunga mahesabu ya mwaka. Ngoja mwezi wa pili, nauli nitakupa mimi."

"Haya, mama."

Yakaishia hapo. Usiku ule nililala vizuri. Nilijiona mwema, tena kwa sababu ya ile nauli.

Mwanangu mkubwa naye alikuwa anaanza la kwanza wiki hiyo hiyo. Mimi niliomba ruhusa ya nusu siku kwa bosi wangu, na pamoja na mahesabu yote, nikapewa. Jumapili usiku dada alipiga pasi sare. Nakumbuka alikaa sana kwenye kola, akaipiga, akaigeuza, akaipiga tena. Jumatatu nikampeleka mtoto mwenyewe, nikampiga picha getini, nikalia kidogo kama wazazi wengine. Saa tatu na nusu nikapita nyumbani kubadilisha nguo ili niende kazini.

Dada alikuwa uani anafua, simu ameiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti imefunguliwa. Nikasikia kitoto kinaongea mbali, kikimezwa na upepo wa mtandao.

"Umekaa na nani?" dada aliuliza.

Sikusikia jibu.

"Na viatu? Vimekutosha?"

"Vinabana."

Viatu hivyo nilimwona akivinunua sokoni. Bibi wa mtoto alikuwa amepima mguu kwa uzi, akautuma ule uzi kwa mtu aliyekuwa anakuja Dar es Salaam, na dada akazunguka na uzi mkononi kwa wauza viatu. Kati ya mguu kupimwa na shule kufunguliwa, mguu ulikuwa umekua.

Dada akacheka. Kisha akanyamaza, mikono ikiwa ndani ya povu. Nikarudi ndani taratibu, nikatoka kwa mlango wa mbele bila kubadilisha nguo.

Siku ile kwenye daladala nilifanya hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Dada huamka saa kumi na nusu alfajiri. Hulala, au tuseme huruhusiwa kulala, saa tatu usiku. Nikatoa saa mbili za mchana mdogo anapolala, ingawa hata wakati huo masikio yake yako kitandani kwa mtoto. Zinabaki saa kumi na nne na nusu. Mara siku sita, ni saa 87 kwa wiki. Sheria ile ile inayonipa mimi muda wa kunyonyesha inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Haisemi kwamba ikifika mlangoni kwangu isimame ivue viatu. Katika miaka yote ile dada alikuwa amekwenda kwao mara moja, siku kumi.

Nilimweleza mwenzangu mmoja kazini. Akaniambia nisijitese: "Umempa kazi. Mshahara unaomlipa ndio umenunua hivyo viatu. Ungemruhusu kila akiomba, ungemwajiri mwingine, na yeye angekaa kijijini bila senti." Kila alichosema ni kweli, na ndiyo maana kilinisumbua. Hoja hiyo inathibitisha kwamba dada ana sababu ya kuvumilia. Haithibitishi kwamba mimi nina haki ya kumvumilisha. Hata bosi wangu angeweza kusema hivyo hivyo juu yangu, na ningemwona mkatili.

Kisha kuna lile neno letu la kujifariji: "Dada ni kama ndugu yetu." Nimelisema mara nyingi, na nilikuwa nalisema kwa moyo. Lakini nikiangalia kazi lililofanya nyumbani kwangu, naona lilinisaidia kutohesabu. Ndugu hahesabiwi saa. Ndugu hadai likizo. Ila ndugu yangu wa kweli angeniambia "wiki hiyo lazima niende," nami ningekasirika, naye angekwenda. Dada alisema "haya, mama." Alikuwa amepewa wajibu wa ndugu bila ulimi wa ndugu.

Kiswahili kina neno ambalo wazazi wetu walilisikia sana enzi za Azimio la Arusha: unyonyaji. Nilipolisoma shuleni niliwaza mabepari wenye matumbo, wale wa kwenye vibonzo. Sikuwaza mwanamke anayekamua maziwa katika chumba cha mafaili. Lakini neno lenyewe limetokana na kunyonya, na mtoto anayenyonya hana ubaya wowote. Ana njaa tu, na anachukua kilichopo. Nadhani unyonyaji mwingi wa watu kama sisi uko hivyo. Hatuna nia mbaya. Tumechoka, tuna foleni, tuna mahesabu ya mwaka, na kuna mtu karibu ambaye hawezi kukataa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nilikuwa naitumia methali hiyo kuwatetea akina mama wanaofanya kazi, na bado naikubali. Ila sasa nauliza mkono wa pili ni wa nani, na nyumbani kwake nani kabaki na mkono mmoja.

Nimefanya nini, basi? Si mengi. Nimempandishia mshahara, na bado ni mdogo. Nimeandika saa zake kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Baba yao hurudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, na ajabu ni kwamba katika hesabu zangu zote sikuwahi kumtia. Sasa jioni watoto ni wake, na asubuhi anampeleka mkubwa kwenye basi ndipo aende kazini. Saa za dada zimepungua, hazijafika 45. Nikizifikisha huko itabidi nimlipe mtu mwingine, na mshahara wangu hautoshi. Maana yake ni kwamba ajira yangu, ninayojivunia, inasimama juu ya saa ambazo hakuna anayezilipa. Hilo sijalitatua.

Mwezi wa pili dada alikwenda Singida kwa siku 28, kwa mshahara wake kamili. Mama mkwe amekuja kutusaidia, na nyumba imekuwa vurugu: uji unaungua, mkubwa ameshaachwa na basi mara mbili. Jirani ananionya: "Huyo harudi, utaona." Huenda ni kweli. Mwanzoni niliumia, nikajisemea, baada ya yote niliyomfanyia. Kisha nikajisikia nilivyosema. Kama nilimpa siku hizo kama hisani, basi nina haki ya kungoja shukrani, na kurudi kwake ndiyo malipo. Kama zilikuwa haki yake, sina ninachodai.

Jana usiku alinitumia picha. Mtoto amesimama mbele ya nyumba ya tope, sare imepigwa pasi, kola imenyooka. Miguuni ana viatu vipya, vimempwaya kidogo. Hakuandika atarudi lini. Nilianza kuandika swali hilo, nikalifuta, nikamwandikia kwamba mtoto amependeza.