Neno la Kwanza Uani

Mwanangu, umehamia Gerezani kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja na bomba moja uani. Mimi nimelea watoto wanne kwenye nyumba ya namna hiyo, na wewe ni wa tatu kati yao. Ya kupika na kujitunza ulifundwa na kungwi wako, siyarudii. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na aliona muda unamwishia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, lakini mjukuu wangu ameanza kutambaa, na mtoto anayetambaa hasubiri mtu amalize kufikiri. Ndiyo maana nakuandikia leo.

Nina neno moja kubwa la kukuusia. Mtoto akivunja, akimwaga, akianguka au akiungua, kuna neno la kwanza litakalokutoka mdomoni. Lichunge hilo. Mtoto hulishika, na safari ijayo ndilo litakaloamua kama atakukimbilia au atakukimbia.

Hili nililijua kwa kaka yako. Alikuwa na miaka sita. Siku moja kabla alikuwa amevunja bilauri ya wageni, nami nikamfokea mpaka majirani wakachungulia. Kesho yake akaona chupa ya soda chini ya meza. Nilikuwa nimeitilia mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Akanywa. Angekuwa mtoto asiyeniogopa, angelia papo hapo. Yeye alijibanza nyuma ya kitanda, akajiziba mdomo asisikike akikohoa, mpaka harufu ikanipeleka mwenyewe. Sijui alikaa pale muda gani, na mpaka leo nikikumbuka mwili hunisisimka.

Bibi wa chumba cha mbele alitaka kumtia kidole atapike. Alikuwa na nia njema, kwani ndivyo alivyofundishwa. Mpangaji mwenzetu aliyekuwa muuguzi akamshika mkono kwa adabu: "Hapana bibi, mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni." Tukambeba hospitali vilevile, bila kumtapisha na bila maziwa. Alipona. Chupa ilikuwa kosa la mkono wangu, lakini ule muda wa nyuma ya kitanda ulikuwa kosa la ulimi wangu, na hilo ndilo lililonichukua miaka kulikubali.

Uani kwenu kuna majiko matano ya mkaa kwa wakati mmoja, na uji huteremshwa chini upoe. Ipo siku mtoto ataungua. Nakuomba usianze kwa kuuliza, "Nani kaacha sufuria hapa?" Swali hilo halimpozi mtoto, na litakugombanisha na mama mwenzio mwezi mzima. Mchukue, mpeleke bombani, mvue nguo kabla haijagandamana na ngozi, acha maji ya baridi yamtiririkie dakika ishirini. Ni nyingi, atalia, nawe utataka kuacha. Usiache. Wakati huo mmoja ataleta dawa ya meno, mwingine yai, mwingine unga wa ngano. Usiwagombeze, wala usiwakubalie. Sema, "Ahsanteni dada zangu, tumwagie maji kwanza, hospitali watatuambia cha kupaka." Mtu aliyekuja mbio na yai mkononi amekuja kwa sababu anampenda mwanao. Mwache aondoke na heshima yake.

Sufuria utaiulizia jioni, watu wakishatulia. Zaidi ya kuuliza, pendekeza: majiko yote yahamie upande mmoja wa ua, na watoto wasipite huko. Hapo hakuna atakayeona amenyooshewa kidole.

Kuhusu dada wa kazi, naona umepata binti mdogo kutoka mkoani. Huyo ni mtoto wa mtu. Siku mtoto atakapomponyoka mikononi akaangukia kichwa, maisha ya mjukuu wangu yatategemea kama binti huyo anaweza kukuambia. Akificha, wewe utaona mtoto anatapika au analala usingizi mzito usioeleweka, na utadhani ni meno. Mwambie leo, kabla halijatokea: "Ukiniambia, sitakufukuza." Kisha utimize.

Umeme ni jambo dogo lakini huvunja nyumba. Mkiwa na LUKU moja, andikeni kwenye daftari nani ametoa kiasi gani na lini. Usimwambie mwenzio mbele ya watoto wake kwamba pasi yake ndiyo inayomaliza yuniti.

Na Kariakoo iko mlangoni kwako. Mdogo wako alinipotea Mtaa wa Kongo akiwa na miaka mitano, tulipokwenda kununua sare za shule Januari. Waliomwokota walimuuliza mama yake ni nani, akajibu kwa jina ninaloitwa uani, mama wa fulani, kwa jina la kaka yenu. Akina mama wa fulani Kariakoo ni wangapi? Msikitini wakamtangaza, nami nikamkuta kwa fundi viatu, amekalishwa kwenye kigoda, anatafuna muwa. Watu walijikusanya wakingoja nimpige. Nilipiga magoti nikamwambia, "Umefanya vizuri kukaa pale pale." Fundi yule akafuta macho.

Kwa hiyo mwanao akianza kusema, mfundishe jina lako lote, la baba yake na namba ya simu. Mtungieni wimbo wa kuchezea, namba hukaa vizuri kwenye wimbo. Mfundishe kwamba akipotea asitangetange, aende kwa mtu wa karibu mwenye meza ya biashara, kwa sababu huyo hawezi kuiacha mali yake akaondoka naye. Na Barabara ya Msimbazi si ile niliyowavusha ninyi. Tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yake katikati ya barabara, kwa hiyo mshike mkono, si kidole, na mtazame pande zote kila njia mnayovuka.

Baba yake akirudi jioni na kulikuwa na ajali, mpe maji, mpe chakula, kisha mweleze yote mtoto akiwa amelala. Usimfiche, wala usimpokelee mlangoni na mashitaka.

Nitakuja Jumamosi, nitashukia kituo cha Gerezani. Nitakuletea dumu dogo la njano lenye kifuniko cha kukaza, na msumari mrefu wa kulitundikia juu ya mlango. Ile chupa ya soda niliyoiona chini ya meza yako mwezi uliopita, tafadhali mama, nisiikute.