Siku ya nne baada ya msiba, nani hubaki?



Siku moja baada ya swala ya alasiri alinifuata bwana mmoja madrasa, hapa Kariakoo, akiwa na kitabu mkononi. Ni mjomba wa mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha tatu ambaye mama yake alifariki miezi mitano kabla ya hapo. Baada ya salamu alinikabidhi kile kitabu, akasema: "Ustaadh, naomba umkanye huyu mtoto. Kwanza anasoma vitabu vya kishirikina, maiti wanafufuka humo. Pili amemganda bibi mmoja mpangaji, hataki kuja kwangu Mbagala. Na yule bibi si ndugu yetu, hata kabila si moja."

Kitabu chenyewe kilikuwa Babu Alipofufuka, riwaya ya Profesa Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 2001. Nilimwambia mjomba aniachie siku chache. Nimezitumia siku hizo kufikiri, na nimeona mashitaka yake mawili ni swali moja, linalotuhusu sote. Mtu akifiwa, anapona kwa nini, na kwa nani?

Tuanze na kitabu. Katika riwaya hiyo mtu mwenye cheo na mali, aitwaye K, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa. Babu anamzungusha na kumwonyesha hali za watu aliowapa kisogo. Je, huo ni ushirikina? Itikadi yetu iko wazi. Aliyekufa harudi duniani, na Suratul Muuminun inatufundisha kwamba mbele ya waliokufa kuna barzakh mpaka siku watakapofufuliwa. Mwenye kuamini kwamba marehemu anarudi, anaonekana na kuamua mambo ya watu, huyo ana tatizo kubwa la itikadi.

Lakini msomaji wa riwaya anaamini hivyo? Hapana shaka wapo wanazuoni wanaokataza hadithi za kubuni, na wapo wanaoziruhusu kwa sharti kwamba ijulikane ni za kubuni na zisibebe uovu. Sisi Waswahili tumelelewa na hadithi za namna hii. Marehemu Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliandika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Humo ndugu wawili wa damu, Hasidi na Mwivu, wanamtosa baharini ndugu yao Adili kwa husuda. Anayemwokoa ni Huria, binti wa kijini ambaye Adili aliwahi kumtendea wema. Wale ndugu wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa kila usiku, naye anawachapa huku akilia. Wazee wetu walisoma kitabu hicho shuleni. Sijasikia mzee yeyote aliyetoka darasani akiamini kwamba mtu mwenye husuda huota mkia. Walitoka na funzo kwamba damu peke yake haimfanyi mtu kuwa ndugu.

Ajabu ni kwamba tunakikamata kitabu, na nje ya mlango wetu nguzo za umeme zimebandikwa matangazo ya waganga wanaodai kuzungumza na mizimu na kurudisha waliopotea. Wale hawasemi kwamba ni hadithi. Wanasema ni kweli, na wanatoza pesa, na wateja wao wengi ni watu wenye majonzi. Kama tuna hasira na ushirikina, basi ianzie pale.

Nilimwita binti, nikamuuliza anapata nini katika kitabu kile. Alinyamaza kwanza, kisha akanijibu: "Ustaadh, najua mama harudi. Lakini kila mtu ananiambia nisubiri, ninyamaze, nisimtajetaje. Nikisoma kile kitabu naona na wengine wanatamani." Kisha akaniuliza kama kutamani ni dhambi.

Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu nilikumbuka kisa cha Nabii Yaakub (A.S.) katika Suratu Yusuf. Miaka ilikuwa imepita tangu apotee Yusuf, na bado Yaakub alimlilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Waliokuwa karibu naye walimlaumu, wakaona anajiangamiza kwa kumkumbuka mtu aliyekwisha kupotea. Naye akawajibu kwamba mashitaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Allah. Huyu ni Mtume mwenye subira njema, kwa ushahidi wa Qur-an yenyewe. Kumbe subira si kukauka macho. Mtume wetu (S.A.W.) naye alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, na aliyeshangaa akaelezwa kwamba machozi yale ni rehema. Kinachokatazwa ni kumkasirikia Mola na kupiga mayowe ya kijahili. Kwa hiyo nilimjibu binti kwamba kumtamani mama si dhambi, amuombee dua na ampelekee sadaka, kwani hizo zinamfikia.

Lakini jibu hilo halikunitosha mimi mwenyewe. Jambo lililoniuma ni kwamba mtoto yule alikwenda kutafuta faraja kwenye karatasi kwa sababu kwetu ilikwisha. Siku ya mazishi tulijaa. Turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, daftari la rambirambi likazungushwa, wali ukapikwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesoma dua siku ya tatu. Tanga likaanuliwa, viti vikarudishwa, watu tukatawanyika kila mmoja kwenye fremu yake. Tangu siku hiyo mpaka mjomba alipokuja na kitabu, mimi, mwalimu wake, sikuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Nilimwona darasani, nikamuuliza kuhusu tajwidi. Sikumuuliza anakula nini usiku.

Sasa tazama mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Mwaka wa 8 Hijria, Jaafar bin Abi Talib, binamu yake, aliuawa shahidi huko Mu'ta. Mtume aliamuru wafiwa wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hilo tunalijua, na ndilo tunalolitolea hoja ya kupeleka vyakula msibani, ingawa mara nyingi tunageuza, tukala sisi kwa wafiwa. Lakini mapokezi yanaendelea. Aliwapa siku tatu, kisha ndipo akaenda mwenyewe. Akataka aletewe watoto wa ndugu yake, wakaletwa wadogo kama vifaranga. Akamwita kinyozi awanyoe nywele. Akamtaja mmoja kuwa anafanana na Abu Talib. Akamshika mkono Abdullah bin Jaafar na kumuombea baraka katika biashara yake. Mama yao, Asmaa bint Umays, alipotaja uyatima wao, Mtume akamuuliza kama anawahofia ufukara na hali yeye ndiye mlezi wao duniani na akhera.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tusimame. Sisi siku ya tatu ni siku ya kufunga. Kwake ilikuwa siku ya kufungua ulezi. Tena angalia alichofanya: nywele, sura za watoto, dua ya biashara. Ni mambo ya mzazi wa kila siku, na hakuna hata moja lililohitaji turubai.

Hebu sasa turudi kwa yule bibi mpangaji. Nilikwenda kumwona. Anaishi kwenye moja ya nyumba chache za Kiswahili zilizobaki katika mitaa yetu, zile zenye vyumba huku na huku, ukumbi katikati na uwani nyuma. Ametoka Lindi miaka mingi iliyopita, anachoma vitumbua alfajiri. Hana mtoto. Mama wa binti alikuwa chumba cha pili. Siku ya nne, watu walipokwisha kuondoka, bibi aligonga mlango wa yule mtoto akamwambia aje amshikie taa kwa sababu haoni vizuri. Hakumpa nasaha yoyote. Tangu siku hiyo wanaamka pamoja, wanachoma vitumbua, wanaswali, mtoto anakwenda shule.

Kariakoo tunaufahamu undugu wa namna hii. Jina lenyewe la mtaa limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, watu waliokusanywa kutoka kila pembe. Vijana bado wanaingia kila siku kutoka Mtwara, Singida na Kigoma, na wengi anayewazika ni mpangaji mwenzao. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 lilipoporomoka ghorofa hapa Kariakoo, wa mwanzo kufukua kifusi walikuwa wafanyabiashara na wapita njia, kwa nyundo na mikono mitupu. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na zaidi ya 80 waliokolewa. Hakuna aliyemuuliza aliye chini ya zege kabila lake. Tunaweza kuwa ndugu wa saa moja. Mtihani ni kuwa ndugu wa miaka, hasa sasa ambapo uwani umevunjwa ikajengwa ghorofa, na majirani wanaonana kwenye ngazi tu.

Hata hivyo, undugu wa kukutana lazima ufuate sheria, vinginevyo huishia kwenye dhulma. Kwanza, nasaba haibadilishwi. Zaid alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad mpaka iliposhuka Suratul Ahzab, akarudishiwa jina la baba yake Haritha. Mapenzi hayakupungua kwa jina kubadilika. Pili, mirathi. Mtume alipounga undugu baina ya Muhajirina na Ansari, Saad bin Rabii alijitolea nusu ya mali yake kwa Abdurrahman bin Auf. Abdurrahman akamuombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Baadaye Qur-an ikarudisha mirathi kwa wenye nasaba, lakini wema na wasia ukabaki. Kwa hiyo bibi akitaka kumwachia mtoto kitu, aandike wasia usiozidi theluthi, na mashahidi wawepo. Tatu, mipaka ya mahram. Bibi anaishi peke yake, hilo ni jepesi. Nyumba yenye wanaume ingehitaji hadhari nyingine. Nne, na hili nililisema kwa mjomba bila kumvunjia heshima, haki ya damu haifutwi. Mjomba ana wajibu wa matumizi na wa kuunga udugu. Lakini wajibu si sawa na umiliki.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Marehemu alikuwa dada yake wa pekee, na kila akimtazama yule binti anaona sura ya dada. Alitaka mtoto awe kwake ili apate mtu wa kulia naye, na akaona haya kusema hivyo. Kumbe wafiwa walikuwa wawili, na mmoja wao tulimdhania ni hakimu.

Tulikubaliana kwamba binti abaki kwa bibi siku za shule, na mjomba aje kila Ijumaa baada ya swala na posho yake mkononi. Kitabu nilimrudishia mwenyewe. Sijui kama nimepatia. Mwenye elimu zaidi anikosoe. Lakini kwa upande wangu nimejiwekea jambo moja, nami nawausia maimamu na walimu wenzangu: kila tunaposoma dua ya siku ya tatu, tuulize kabla ya kuondoka ni nani atapiga hodi siku ya nne, na jina lake liandikwe kwenye daftari lilelile la rambirambi.

Wabillahi tawfiq.