Picha ya Ubongo na Neno la Mgonjwa

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Aghalabu methali hii hutajwa ili kumnyamazisha anayehukumu shida asizowahi kuzionja. Lakini ndani yake mna swali zito ambalo tiba ya zama hizi imelifufua: ni nani mwenye haki ya kusema kuwa fulani amepona? Je, ni tabibu aliyeshika picha, ni jamaa waliomuuguza, au ni mgonjwa mwenyewe? Mfupa unapovunjika swali hili ni jepesi, kwani picha ya mfupa ulioungana na mguu unaokanyaga hukubaliana. Maradhi yanapougusa ubongo, yaliko makao ya kumbukumbu na tabia, mashahidi hao watatu huweza kutofautiana, na kila mmoja akawa mkweli.

Mfano ulio bayana ni maradhi ya ubongo yanayoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Mwaka 2007, Josep Dalmau na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza hali ya wanawake 12 waliougua kwa namna moja, wengi wao wakiwa na uvimbe wa ovari uitwao teratoma. Baadaye ilidhihirika kuwa maradhi hayo huwapata pia wanaume na watoto, na wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukamata vipokezi vya NMDA vilivyo juu ya seli za ubongo na kuvifanya vizame ndani ya seli. Vipokezi hivyo ndivyo vinavyosaidia kujifunza na kukumbuka. Vikipungua, mazungumzo ya seli huvurugika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mgonjwa huanza kwa kukosa usingizi, kuingiwa na hofu, kunena yasiyo na mpango, kuona na kusikia yasiyokuwapo. Hatimaye hupata kifafa, hukakamaa, na pengine hushindwa hata kupumua. Hapana ajabu kwamba wengi wa namna hii wamehesabiwa kuwa wenda wazimu. Wala si vigumu kufahamu kwa nini familia ya Pwani, ikimwona binti yake akibadilika ghafla sauti na maneno, ingemtafuta mganga wa pepo kabla ya daktari wa mishipa ya fahamu. Kila jamii hueleza kile isichokiona kwa lugha iliyonayo.

Ingedhaniwa kwamba mashine ya MRI, ipigayo picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku, ingelimaliza tatizo hili. Haikuwa hivyo. Katika maradhi haya, takriban theluthi mbili ya wagonjwa hupigwa picha na ubongo wao ukaonekana mzima. Susannah Cahalan, mwandishi wa gazeti la New York Post, aliugua mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 24, na picha zake hazikuonyesha dosari. Daktari Souhel Najjar alimpa karatasi na kalamu, akamtaka achore saa. Cahalan akazipanga tarakimu zote upande mmoja wa duara, na upande wa pili ukabaki mtupu. Mchoro huo ulimwonyesha daktari kwamba nusu moja ya ubongo ilikuwa taabani, na vipimo vilivyofuata vikathibitisha. Kalamu ilifika pale ambapo sumaku haikufika, kwa kuwa mashine ilitazama umbo la ubongo, ilhali kalamu iliuliza ubongo unafanya nini.

Funzo la kwanza basi ni la kiakili: kutoonekana kwa dosari si ushahidi kwamba dosari haipo. Picha hujibu swali iliyoulizwa, wala haijibu jingine. Lakini funzo la pili, ambalo ni la kimaadili, huja baada ya matibabu.

Habari za kupona zinatia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya wagonjwa 577, wakatibiwa kwa steroidi, kwa kingamwili za kutiwa mshipani, kwa kusafishwa damu, kwa dawa kali zaidi pale ilipobidi, na kwa kukatwa uvimbe walipokuwa nao. Miongoni mwa waliofuatiliwa, takriban wanane katika kila kumi walikuwa katika hali njema baada ya miezi 24. Ila inafaa kuuliza “hali njema” maana yake nini. Kwa mizani iliyotumika, anayeweza kuendesha shughuli zake binafsi bila msaada huhesabiwa humo, hata kama hawezi tena kufanya yote aliyoyafanya zamani. Mwalimu anayejivika, anayejipikia na kwenda sokoni peke yake, lakini hawezi tena kushika majina ya wanafunzi wake, ataandikwa kuwa yu katika hali njema. Mizani haikusema uongo. Imepima kilo, na mwalimu amepoteza kitu kisichopimwa kwa kilo.

Mwaka huohuo wa 2013, Carsten Finke na wenzake wa hospitali ya Charité, Berlin, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 24 waliokwisha kutibiwa. Picha za kawaida zilionyesha ubongo usio na kasoro kubwa. Walipopima jinsi sehemu za ubongo zinavyoshirikiana katika kazi, waliona kwamba hipokampasi, sehemu ihusikayo na kumbukumbu, imelegea katika mawasiliano yake na sehemu nyingine. Jambo waliloweza kulilalamikia wagonjwa sasa lilikuwa na alama yake.

Wengi wangeshangilia hapa na kusema kuwa sayansi imemtetea mgonjwa. Utetezi huu una hatari yake. Kama neno la mgonjwa husadikiwa tu siku mashine inapolikubali, basi aliyesahau mwaka 2012 alikuwa mzembe, na aliyesahau mwaka 2014 ni mgonjwa, ingawa usahaulifu wao ni mmoja. Thamani ya ushahidi wa mtu itakuwa imepangishwa kwa chombo, na mwenye kuishi mbali na chombo hicho atakuwa hana ushahidi kabisa.

Yuko atakayepinga, na pingamizi lake lina uzito. Maradhi haya humshambulia shahidi mwenyewe. Yanapopamba moto mgonjwa hukana kuwa anaumwa, na akipona huwa hakumbuki sehemu kubwa ya siku hizo. Vipi aaminiwe? Jawabu ni kutenganisha maswali. Juu ya chanzo cha maradhi, kipimo cha maji ya uti wa mgongo kina neno kubwa kuliko mgonjwa. Juu ya siku zilizopotea, jamaa ndio mashahidi: Cahalan, alipoandika kitabu chake cha mwaka 2012, alilazimika kuutafuta mwezi wake mwenyewe katika kanda za video za hospitali na shajara ya baba yake. Lakini juu ya mzigo wa leo, yaani kile kilichopungua baina ya mtu alivyokuwa na alivyo, hakuna mwenye kauli ya kwanza isipokuwa aubebaye.

Jamaa nao wana wajibu mgumu. Wao hukumbuka matusi, makofi na lawama ambazo mtamkaji hazikumbuki. Tangu kale sheria za dini na za dola zimemsamehe aliyeondokewa na akili, lakini moyo hausamehi kwa amri. Kumwekea mtu kumbukumbu zake bila kumdai deni lake ni kazi ya utu isiyoandikwa katika cheti chochote.

Dalmau na wenzake, wakiandika mwaka 2011, walieleza kuwa aghalabu mgonjwa hupona kwa kurudi nyuma: kilichoharibika mwisho ndicho hutengemaa mwanzo. Pumzi hurudi, kisha viungo, kisha maneno. Tabia, busara ya kupanga mambo na adabu ya kuchanganyika na watu, zilizotangulia kuondoka, ndizo hurejea za mwisho, na huenda zikachukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani wakati mwili wake umekwisha fika na yeye mwenyewe bado yu njiani. Mwajiri humtaka arudi kazini, majirani humpongeza, na picha iliyo safi hutolewa kuwa hoja dhidi yake. Katika miezi hiyo anachostahili ni kuulizwa hali yake, na jibu lake kusikilizwa hadi mwisho.