Safari ni Masafa au ni Mashaka?

Miongoni mwa vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa katika darsa za pwani yetu mna Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ndani yake imo mas'ala ndogo inijiayo moyoni kila nipandapo treni ya kwenda Nairobi. Msafiri huruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne zikawa mbili endapo safari yake imetimu maili 48 za Kihashimu, ambazo ni mwendo wa siku mbili wa wanyama waliotwishwa mizigo. Na lau atayakata masafa hayo baharini kwa saa moja tu, ruhusa yake haipungui. Aliyeyaandika haya katika zama za ngamia na tanga alikwisha kutujibu sisi wa zama za ndege.

Basi ikiwa sharia haikuifungamanisha rehema hii na jasho wala na wingi wa saa, mbona sisi, tunapouliza kipi chombo kifaacho, hatuna kipimo ila saa? Ndege hutoka Mombasa ikafika Nairobi kabla ya saa moja kutimia, treni huchukua saa tano hivi, na basi huweza kumaliza usiku kucha. Hesabu ni sahihi, lakini haisemi saa hizo zilikuwa mali ya nani.

Mwenye gari lake ana neema ambayo treni haina, nayo ni kusimama Mtito Andei akatawadha, akasali juu ya ardhi iliyotulia. Ila akirudi kwenye usukani, macho na mikono yake imewekwa rehani kwa malori yaliyofuatana, na roho za aliowapakia ziko shingoni mwake, hata dhikri yake haipiti ulimini. Abiria wa ndege naye hukatiwa wakati wake vipande vipande, foleni hii, ukaguzi ule, kungoja kule, wala hapana kipande kitoshacho kusoma juzuu moja kwa utulivu. Treni haikosi kasoro, kwani kituo cha Miritini ki nje ya kisiwa na cha Syokimau ki mbali na kitovu cha Nairobi, na wazisifuo saa tano husahau zile za kufika na kuondoka. Lakini saa zenyewe za njiani hukabidhiwa mtu zikiwa nzima, naye hana la kuendesha wala la kukimbilia, na hapo ndipo aulizwapo na nafsi yake amezitumiaje. Swali hilo mimi huliogopa kuliko uchovu.

Mara ya mwisho nilisafiri kwa treni ya alasiri, tukaipita Tsavo na udongo wake mwekundu, na jua likazama tukiwa tumeiacha Mtito Andei. Reli yaelekea kaskazini-magharibi na kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo nilijua kuwa ni mbele, upande wa kuume, na kwamba reli ikipinda yanipasa kugeuka nayo, kama walivyoamrishwa wasaliao vyomboni. Karibu na mlango wa behewa alikuwako mama mmoja aliyeshika Biblia. Aliponiona natazama huku na huku, akakivuta kiondo chake pasi na kuombwa, nami nikapata mahali pa kusimama.